Maswali ya Wasomaji: Msaada wa Ada wa New York na Wanaodhani Hauwahusu

Katika toleo lililopita tulieleza kwamba jimbo la New York limepanua wigo wa mpango wake wa msaada wa ada za chuo, ule unaojulikana kwa herufi TAP, ambao umekuwepo tangu mwaka 1974. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2024/25, kikomo cha kipato kwa familia yenye mtoto chuoni kilipandishwa kutoka dola 80,000 hadi dola 125,000 kwa mwaka, na kiasi cha chini anachoweza kupewa mwanafunzi kikaongezwa kutoka dola 500 hadi dola 1,000. Barua zilizotufikia baada ya hapo zinatoka zaidi kwa wasomaji wa Buffalo, Rochester na Syracuse, miji ambamo Kiswahili kimeingia na familia za Wakongo na jirani zao, na nyingi zinaonyesha kwamba waandishi wake wamekwisha kujitoa wenyewe kabla hata ya kuijaza fomu. Tumechagua sita.

*Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni dereva wa lori na mke wangu ni msaidizi wa wauguzi hospitalini. Tuna watoto wanne, na wote bado wanatutegemea. Binti yetu wa kwanza alipoomba TAP mwaka 2022 alinyimwa, kwa sababu kipato tulichojaza kilikuwa dola 104,000. Sasa mdogo wake anajiandaa kuingia chuo cha SUNY, yaani chuo cha umma cha jimbo, na sisi tumefikia dola 138,000. Rafiki yangu kanisani anasema kikomo kipya ni dola 125,000, kwa hiyo nisijisumbue. Je, ni kweli?*
— Baba wa watoto wanne, Buffalo

Rafiki yako ametaja namba sahihi, lakini amekosea kipimo. TAP haiangalii mshahara mzima kama ulivyoandikwa kwenye hati za mwajiri. Inaangalia kipato kinachobaki kutozwa kodi ya jimbo baada ya makato yanayoruhusiwa na sheria, yaani namba iliyo katika mstari wa 37 wa fomu ya kodi ya jimbo, IT-201, ambayo mtu anayekuandalia kodi hukupa nakala yake kila mwaka na ambayo wengi wetu huiweka kabatini bila kuisoma.

Tufanye hesabu yako. Mume na mke wanaojaza kodi pamoja hukatiwa dola 16,050 kama punguzo la kawaida la jimbo, na kila mtoto anayewategemea huongeza punguzo la dola 1,000. Ukitoa dola 16,050 na dola 4,000 kutoka kwenye dola 138,000, zinabaki dola 117,950, ambazo ziko chini ya kikomo kipya. Kwa hiyo mwanao hajafungiwa mlango, na ukiacha kuomba utakuwa umejinyima mwenyewe kitu ambacho sheria inakupa. Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa kipato cha wakati wa binti yako, dola 104,000 zinashuka hadi dola 83,950, na hapo utaona kwamba alikosa kwa kuzidi kikomo cha zamani kwa dola 3,950 tu. Hilo halirudishiki, lakini linaonyesha ni familia za namna gani hasa zilizolengwa na mabadiliko haya.

Usitegemee fedha nyingi, hata hivyo. Kiasi cha TAP hupungua kadiri kipato kinavyopanda, na familia iliyo karibu na ukingo wa juu hupata kiasi cha chini, ambacho sasa ni dola 1,000 kwa mwaka. Ada ya mkazi wa jimbo katika vyuo vya miaka minne vya SUNY ni dola 7,070, kwa hiyo utabaki na takribani dola 6,000 za kutafuta kwingine. Ukizidisha hizo dola 1,000 kwa miaka minne utapata dola 4,000, na sidhani kuna mzazi mwenye watoto wanne ambaye atazipita zimelala njiani bila kuziokota.

Mambo mawili ya kuongezea. Kwanza, kipato kinachotumika ni cha miaka miwili nyuma: kwa mwaka wa masomo wa 2026/27, kodi inayoangaliwa ni ya mwaka 2024. Usikadirie kwa mshahara wa mwezi huu. Pili, watu wengi huchanganya TAP na ufadhili mwingine wa jimbo unaoitwa Excelsior, ulioanzishwa mwaka 2017, kwa sababu nao una kikomo cha dola 125,000. Namba ni ile ile, lakini Excelsior hupima kipato kabla ya punguzo hilo la kawaida, na kwa kipimo hicho familia yako yenye dola 138,000 imekwisha kuvuka. Nadhani kuchanganya huku ndiko kulikomponza rafiki yako. Excelsior pia humtaka mwanafunzi amalize krediti 30 (vipimo vya uzito wa masomo) kila mwaka, na baada ya kuhitimu aishi New York kwa idadi ya miaka ile ile aliyolipiwa; akihama mapema, ufadhili hugeuzwa kuwa mkopo usio na riba. TAP haina sharti la namna hiyo.

*Shikamoo Mhariri. Nina miaka 41, nilitoka kambi ya Nyarugusu nikaletwa Syracuse na watoto wangu wawili mwaka 2019. Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee. Nataka kusomea uuguzi, lakini siwezi kuacha kazi. Nitaweza masomo mawili tu kwa muhula. Nimeambiwa msaada wa jimbo ni wa vijana wanaosoma muda wote. Sekondari nilimalizia Kongo, nami ninayo Diplôme d'État yangu iliyotafsiriwa.*
— Mama wa Syracuse

Marahaba, mama. Hilo uliloambiwa lilikuwa na ukweli zamani. Hadi mwaka 2022, mtu aliyetaka TAP ya kusoma kwa sehemu tu ya muda alipaswa kwanza kusoma muda wote kwa mihula miwili mfululizo, na kwa mzazi mwenye kazi sharti hilo lilikuwa sawa na kumwambia asiombe. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/23 sharti hilo liliondolewa, na sasa mwanafunzi anayesoma krediti 6 hadi 11 kwa muhula anaweza kulipiwa tangu muhula wake wa kwanza. Malipo hufuata uwiano: ukichukua krediti 6, unapata nusu ya kile ambacho ungepewa kwa krediti 12, ukichukua 9, unapata robo tatu. Masomo mawili kwa kawaida hufikisha krediti 6, lakini hakikisha, kwa sababu krediti 5 hazikupi chochote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja, nalo ndilo linaloweza kukukwamisha. Sheria ya TAP inamtaka mwombaji awe na cheti cha sekondari cha Marekani, au cheti kinacholingana nacho kama GED, au awe amefaulu mtihani ulioidhinishwa na serikali ya shirikisho wa kupima kama ataweza kunufaika na masomo ya chuo, ambao maofisa wa vyuo huuita ATB. Diplôme d'État yako, hata ikiwa imetafsiriwa na kugongwa mihuri, inaweza kukuingiza chuoni, lakini kwa TAP haitoshi. Nimekwisha kusikia habari za watu wazima waliopokelewa chuoni, wakaanza masomo kwa furaha, kisha katikati ya muhula wakaletewa ankara kwa sababu hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo. Nenda katika ofisi ya mitihani ya chuo unachokitaka, waulize ni lini ATB inafanyika, na uifanye kabla ya muhula kuanza. Hupima kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiingereza, na si mtihani wa kutisha kwa mtu aliyekwisha kufaulu mtihani wa serikali wa Kongo. Kinachowasumbua wengi ni lugha zaidi kuliko hesabu yenyewe.

Vilevile angalia umeandikishwa katika programu ipi. TAP huhesabu tu masomo yanayohitajika katika programu uliyosajiliwa. Nafasi za uuguzi katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, hugombewa, na wanaosubiri nafasi mara nyingi huwekwa kwanza katika programu ya jumla. Somo la anatomia linaloonekana la lazima machoni pako linaweza lisihesabike katika programu hiyo. Muulize mshauri wa masomo swali hili kwa maneno haya haya: "Je, somo hili linahesabika kwa TAP katika programu niliyomo sasa?" Usikubali jibu la juu juu.

Kwa umri wako kuna mlango mwingine. Tangu msimu wa masomo ulioanza mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 2025, vyuo vya jamii vya jimbo hili vinawasomesha bure watu wazima wa miaka 25 hadi 55 ambao hawajapata shahada yoyote ya chuo, ilimradi wasome katika fani zenye uhaba wa wafanyakazi, na uuguzi ni mojawapo. Mpango huo, unaoitwa Reconnect, hulipia kile kinachobaki baada ya misaada mingine, na haukomei kwenye ada, kwani unagusa hata vitabu na vifaa. Kwa kuwa huanza kwa kuhesabu misaada mingine, utatakiwa kuomba TAP na msaada wa shirikisho kwanza.

*Habari za kazi, kaka. Nina miaka 23, nafanya kazi ghalani Rochester kwa mshahara wa kima cha chini, sina mke wala mtoto. Nilijaribu TAP miaka miwili iliyopita, kompyuta ikaniambia kipato changu ni kikubwa mno. Nilicheka. Kipato kikubwa kwa mtu anayelala katika chumba cha kupanga na wenzake watatu?*
— Kijana wa ghalani, Rochester

Ulikuwa na haki ya kucheka, mdogo wangu, na hapa ndipo kanuni ya zamani ilipokuwa mbaya kuliko mahali pengine popote. Kwa mtu anayejitegemea, asiye na mke wala mtoto, kikomo kilikuwa dola 10,000. Chukua mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki, aliyelipwa dola 15 kwa saa, kima cha chini cha kaskazini mwa jimbo mwaka 2024: kwa mwaka mzima anapata dola 31,200. Ukitoa punguzo la dola 8,000 la mtu asiye na ndoa, zinabaki dola 23,200. Yaani mtu yeyote aliyefanya kazi ya muda wote kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria alihesabiwa kuwa na uwezo wa kujilipia. Kikomo hicho sasa ni dola 30,000, na kwa wanandoa wasio na watoto kimetoka dola 40,000 hadi dola 60,000. Kwa hiyo omba tena. Dola 23,200 zimo ndani.

Hata hivyo, hakikisha kweli unahesabiwa kuwa unajitegemea. TAP haifuati kanuni zile zile za FAFSA, fomu ya shirikisho ya kuombea msaada wa masomo, katika jambo hili. Mtu aliyetimiza miaka 35 hujitegemea bila maswali, lakini aliye kati ya miaka 22 na 34 anapaswa kuthibitisha kwamba katika miaka inayoangaliwa hakuishi katika nyumba ya wazazi zaidi ya wiki sita, wazazi hawakumwandika katika kodi yao, na hawakumpa msaada unaozidi dola 750 kwa mwaka. Kama mama alikuandika katika kodi yake kwa nia njema, kama wafanyavyo wazazi wetu wengi wanaodhani kijana ni wa nyumbani hadi aoe, basi kipato chake kitahesabiwa. Kaa naye mzungumze kabla ya msimu wa kodi.

*Mhariri, gazeti lako limeusifu mpango huu kupita kiasi. Ninalipa kodi Albany kwa miaka 16. Kwa nini mwenye dola 120,000 apewe fedha za umma, huku watoto wa wakimbizi waliofika juzi wakikosa nauli ya basi na vitabu?*
— Mlipa kodi, Albany

Swali hili ni zito, na sitalikwepa. Kikomo cha dola 80,000 kilikaa bila kuguswa kwa zaidi ya miaka 20, huku kodi za nyumba, bima na ada vikipanda. Familia nyingi zilizotupwa nje hazikuwa zimetajirika. Zilikuwa zimepata nyongeza za kawaida za mshahara ambazo soko lilizimeza, nazo zikasogea taratibu hadi zikavuka mstari ambao haukusogea. Kurudisha mstari mahali pake si kuwapendelea matajiri, na kwa maoni yangu kijana wa ghalani aliyeandika hapo juu anatosha kuwa ushahidi.

Lakini katika nusu ya pili ya swali lako una haki kuliko waliotunga mabadiliko. Kiwango cha juu cha TAP, kile anachopata mwanafunzi maskini kabisa, ni dola 5,665, na mabadiliko ya 2024 hayakukigusa. Kipo chini ya ada ya SUNY kwa dola 1,405. Kwa mwanafunzi anayepata TAP kamili, chuo cha umma ndicho kinachotakiwa kufuta pengo hilo, na kwa miaka mingi vyuo vilibeba mzigo huo bila kurudishiwa, hadi jimbo lilipoanza kuvilipa fidia katika bajeti ya 2022. Tena TAP hulipa ada peke yake. Nauli, vitabu, chakula na kompyuta havimo. Kwa hayo mwanafunzi maskini hutegemea ruzuku ya shirikisho ya Pell, ambayo kwa mwaka wa 2025/26 ilifikia dola 7,395 kwa kiwango cha juu, na kwa kuwa TAP imekwisha kulipa ada, sehemu kubwa ya Pell inaweza kumbakia mkononi. Kwa hiyo watoto unaowataja hawakuachwa mikono mitupu. Hata hivyo, kama ningeulizwa dola ya pili ya nyongeza iende wapi baada ya hii ya kwanza, ningeipeleka kwenye kiwango cha juu, si kwenye kikomo cha kipato.

*Mheshimiwa Mhariri, naomba usinitaje. Niliingia nchini kwa viza ambayo muda wake umekwisha. Mwanangu wa kiume alikuja akiwa na miaka 9, amesoma shule za Bronx tangu darasa la nne, na mwezi wa sita anahitimu. Mshauri wa shule anasema ajaze FAFSA kama wenzake. Naogopa.*
— Mzazi, Bronx

Mwanao asijaze FAFSA. Hiyo ni fomu ya serikali ya shirikisho, haitampa kitu kwa hali yake, na kuandika ndani yake taarifa isiyo ya kweli kuhusu uraia ni kosa litakalomfuata maisha yote. Njia yake ni nyingine. Mwaka 2019 jimbo lilipitisha sheria iliyopewa jina la marehemu seneta José Peralta, inayowaruhusu vijana wa namna yake kupata TAP na ufadhili mwingine wa jimbo, ilimradi wamesoma sekondari ya New York kwa miaka miwili au zaidi na kuhitimu. Ombi linapelekwa moja kwa moja kwa HESC, ambalo ni shirika la jimbo linalosimamia misaada ya elimu ya juu. Kuhusu hofu yako, kabla ya kutuma chochote zungumza na mwanasheria wa uhamiaji katika mojawapo ya asasi za msaada wa kisheria zisizotoza fedha. Si kazi ya ukurasa wa gazeti kukuhakikishia usalama, na mtu akikuhakikishia bila kuona karatasi zako, mwogope.

*Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa Mwanza. Mdogo wangu yuko Utica na anasema mwanae "analipiwa na serikali". Je, huo ni mkopo kama wa Bodi yetu, atakaokatwa akianza kazi? Na binti yangu, ambaye amepokelewa chuo kimoja cha New York akitokea hapa nyumbani, anaweza kuuomba?*
— Mwalimu mstaafu, Mwanza

Shikamoo, mwalimu. TAP si mkopo. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humkopesha mwanafunzi fedha ambazo huzirejesha kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na katika fedha hizo imo posho ya kujikimu ambayo wanafunzi wetu huiita bumu. TAP haina bumu, lakini haidaiwi. Inakwenda chuoni kulipa ada na hadithi yake inaishia hapo.

Binti yako, kwa masikitiko, hataweza kuiomba. Mpango ni wa wakazi wa jimbo waliokaa humo kwa miezi 12 mfululizo kabla ya muhula kuanza, na mwenye viza ya mwanafunzi hahesabiwi kuwa mkazi hata akikaa miaka mitano. Kama chuo hicho ni cha umma, atatozwa pia ada ya mtu wa nje ya jimbo, ambayo ni kubwa mara kadhaa kuliko ile dola 7,070 tuliyoitaja, kwa hiyo kabla hujauza kiwanja, kiombe chuo kikuandikie gharama kamili ya mwaka na ufadhili wake chenyewe kwa wanafunzi wa kigeni. Na kama ana mdogo wake anayefikiria stashahada hapo nyumbani, fahamu kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Masharti na fani husika hutangazwa na Bodi kabla ya kila msimu wa maombi, na tangazo hilo lisomwe lote, pamoja na orodha iliyo mwishoni.